Je, kuhifadhi umeme wa gridi kunalipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mradi wa betri kubwa unapotajwa habarini, maswali huwa yale yale: ni ghali kiasi gani, itapunguza bili, itazuia umeme kukatika? Ukurasa huu unajaribu kuyajibu kwa hesabu. Mifano mingi ni ya Kenya kwa sababu tatizo lake linaonekana waziwazi: usiku wa manane umeme unabaki, jioni hautoshi. Zanzibar, Afrika Kusini na Australia zimo pale ambapo zina jambo la kutufundisha.

Kuhifadhi umeme wa gridi ni kufanya nini hasa?

Umeme unaowasha taa yako sasa hivi umezalishwa sasa hivi. Hakuna waya wala transfoma inayoweza kuuweka kando mpaka kesho. Ukitaka kuutumia baadaye, lazima kwanza uugeuze kuwa kitu kingine: kemikali ndani ya betri, maji yaliyopandishwa mlimani, au hewa iliyoshindiliwa chini ya ardhi kama inavyofanyika Huntorf, Ujerumani, tangu 1978. Ukiuhitaji, unaugeuza tena. Kila mgeuzo hula sehemu yake. Betri za lithiamu hurudisha takriban uniti 85 kwa kila uniti 100 ulizoingiza. Vituo vya kupandisha maji hurudisha kati ya 70 na 80.

Kwa hiyo kituo cha hifadhi hakizalishi umeme, kinautumia. Anayekuambia betri "itaongeza umeme nchini" muulize utatoka wapi umeme wa kuichaji.

Megawati na megawati-saa zina tofauti gani?

Fikiria tangi la maji. Megawati ni upana wa bomba, yaani maji yanatoka kwa kasi gani. Megawati-saa ni ukubwa wa tangi, yaani yatatoka kwa muda gani kabla ya kukauka. Habari nyingi hutaja namba ya kwanza peke yake, na hapo msomaji hupotea.

Betri ya Hornsdale huko Australia Kusini ilipowashwa mwishoni mwa 2017 ilikuwa ya megawati 100 na megawati-saa 129. Ikifunguliwa yote, inaisha baada ya saa moja na dakika kadhaa. Betri ya Hex ya Eskom, kampuni ya umeme ya taifa ya Afrika Kusini, karibu na Worcester, ni ya megawati 20 tu lakini ina megawati-saa 100: inadumu saa tano. Hornsdale ilijengwa kwa ajili ya kuitikia haraka, Hex kwa ajili ya kuvusha jioni. Ukilinganisha bei zao kwa megawati utadhani mmoja kapunjwa, kumbe walinunua vitu viwili tofauti.

Kenya ina tatizo gani ambalo hifadhi ingelitatua?

Nenda Olkaria, Naivasha, saa tisa usiku. Visima vya jotoardhi havifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Mvuke unapanda mchana na usiku. Nchi imelala, viwanda vingi vimezimwa, mahitaji yameporomoka. Basi mvuke ambao gridi haiuhitaji huachwa utoke hewani bila kupita kwenye tabo, yaani mtambo unaozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme. (Si kila wingu jeupe unaloliona kutoka mbuga jirani ya Hell's Gate ni hasara, tafadhali. Mengine ni ya minara ya kupozea, ambayo ni kazi ya kawaida.) Usiku huo huo, kaskazini, upepo wa Loiyangalani mara nyingi huwa mkali. Shamba la Ziwa Turkana lina mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, nalo pia huambiwa lipunguze.

Kisha inafika saa moja jioni. Jua limezama, kwa hiyo Garissa na mashamba mengine ya sola hayatoi kitu. Watu wamerudi nyumbani: taa, televisheni, pasi, heater ya kuogea. Mahitaji ya kilele, ambayo mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300, yanabana kila kilichopo. Mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa na Thika inawashwa, na bado baadhi ya maeneo hukatiwa. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba saa za jioni kuna mgao.

Nchi inamwaga umeme usiku wa manane na kukosa umeme baada ya chakula cha jioni. Pengo kati ya nyakati hizo mbili ndilo soko la hifadhi.

Faida za betri zinahesabiwaje?

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Swali la kwanza la kuuliza si "betri itafanya nini?" bali "isipokuwepo, nini kitatokea?" Faida ni tofauti kati ya hali hizo mbili. Kama bila betri ungechoma mafuta kwenye kituo cha Kipevu, Mombasa, faida ni bei ya mafuta ambayo hayakuchomwa. Kama bila betri mtaa fulani wa Kisumu ungekuwa gizani, faida ni thamani ya ule umeme uliokosekana, ambayo ni kubwa kuliko bei ya tokeni. Mwenye posho mill aliyepoteza saa tatu za wateja hakupoteza shilingi za uniti chache. Amepoteza mapato ya jioni nzima, na waliokuja na debe la mahindi wamerudi nalo. Wachumi huita hiyo gharama ya umeme ambao haukufika, na huikadiria kuwa mara nyingi zaidi ya bei ya uniti yenyewe. Makadirio hayo hutofautiana sana, na ukiona ripoti inayotegemea namba hiyo peke yake ili mradi ulipe, isome mara mbili.

Faida ya pili ni kulinda mzunguko wa gridi. Gridi yetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mzunguko unashuka. Ukishuka mno, mitambo mingine hujitoa ili isiharibike, na mnyororo mzima unafuata. Kenya iliona hali hiyo usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, pale karibu nchi nzima, pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ilipoingia gizani. Umeme wa upepo wa Turkana ulitoka kwenye gridi, na pande husika zilibishana juu ya nani aliyeanza kumwangusha mwenzake. Betri huitikia kwa sehemu ya sekunde, kabla hata mhudumu wa chumba cha udhibiti hajanyanyua simu. Ili kupata kinga kama hiyo bila betri, unalazimika kuacha mitambo ya maji au mafuta ikizunguka nusu-nusu, tayari kwa dharura. Mtambo unaongoja hivyo nao una gharama.

Australia Kusini walianza na faida hii hasa. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo zima lilizimika baada ya dhoruba. Mwaka uliofuata Hornsdale ikajengwa, na katika mwaka wake wa kwanza wa kazi ilikadiriwa kuwaokolea wateja takriban dola milioni 40 za Australia, karibu yote kwenye huduma ya kutuliza mzunguko, huku ujenzi wenyewe ukigharimu takriban milioni 90. Si mara nyingi mradi wa umeme unarudisha thamani kwa kasi hiyo. Lakini soko hilo ni dogo. Betri ya kwanza hupata nono. Ya tano hukuta wenzake wamekwisha kula.

Kuna pia faida ya kuahirisha ujenzi. Kama kituo kidogo cha kupozea umeme kinaelemewa saa mbili tu kwa siku, betri ya makontena iliyowekwa pale inaweza kusogeza mbele kwa miaka kadhaa haja ya laini mpya au transfoma kubwa zaidi. Na makontena yanahamishika.

Sasa onyo. Faida hizi hazijumlishwi ovyo. Betri iliyomwagwa yote saa mbili usiku haiwezi saa tatu usiku kudai kwamba ni akiba ya dharura. Betri iliyowekwa Mombasa kusaidia kituo kidogo cha Mombasa haiwezi, kwa saa hiyo hiyo, kuokoa laini ya Kisumu. Nikisoma tathmini inayoorodhesha faida saba na kuzijumlisha zote kwa asilimia mia, siiamini, hata kama naupenda mradi.

Na gharama? Nipeni hesabu ninayoweza kuifuata.

Sawa. Namba hizi ni za mfano, si za mradi wowote halisi, ila zimechaguliwa ziwe karibu na uhalisia.

Tuseme betri ya megawati 100 inayodumu saa nne, yaani megawati-saa 400, au uniti 400,000 (uniti moja ya kwenye bili ni kilowati-saa moja). Tuseme imegharimu dola 250 kwa kila uniti ya ukubwa wake, pamoja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa gridi), transfoma, msingi, usafiri na kufunga. Jumla dola milioni 100. Itadumu miaka 15. Mkopo una riba ya asilimia 10. Malipo ya kila mwaka ni kama dola milioni 13.15, ongeza milioni 2 za uendeshaji, ulinzi, bima na vipuri. Milioni 15.15 kwa mwaka.

Betri huchoka jinsi inavyotumika. Tuseme kwa wastani wa maisha yake inatoa asilimia 85 ya ukubwa wa awali, yaani uniti 340,000 kwa usiku, na inafanya kazi usiku 330 kwa mwaka. Hizo ni uniti milioni 112.2. Gawanya: senti 13.5 za dola kwa kila uniti inayotoka, kabla ya kulipia umeme wa kuichaji. Ukichaji kwa senti 3, na kwa kuwa asilimia 15 hupotea njiani, ongeza senti 3.5. Jumla ni senti 17.

Linganisha na mtambo wa mafuta mazito. Kila uniti hula zaidi ya gramu 200 za mafuta. Tuseme gramu 220, na tani moja iwe dola 600. Hiyo ni senti 13.2 za mafuta peke yake.

Kwa hiyo kwa namba hizi, betri inashindwa na mtambo wa mafuta *uliokwisha kujengwa*. Watetezi wa betri hawapendi kulisema hili, lakini lazima lisemwe. Sasa badilisha jambo moja tu: riba iwe asilimia 5 badala ya 10. Malipo ya mwaka yanashuka hadi milioni 9.63, na kila uniti inatoka kwa senti 10.4 bila gharama ya kuchaji. Kama umeme wa kuchaji ni ule uliokuwa unamwagwa, betri inashinda bila kuguswa hata waya mmoja. Benki ndiyo iliyobadilika, teknolojia ni ile ile.

Badilisha jambo jingine. Rudisha riba kwenye asilimia 10, kisha tumia betri usiku 100 tu kwa mwaka. Kila uniti inapanda hadi senti 44 na ushei. Betri inayokaa bure ni ghali kupindukia, na ndiyo maana betri iliyonunuliwa "kwa ajili ya dharura" bila kazi ya kila siku haiwezi kujilipa kwa uniti inazouza. Ikiwa kazi yake ni dharura, ilipwe kwa kuwa tayari, kama bima inavyolipwa.

Mvuke unamwagwa bure. Mbona mnauwekea bei ya senti 3?

Swali zuri, na jibu linategemea umevaa kofia ya nani.

Kwa nchi, mvuke ule haugharimu chochote cha ziada. Kisima kimechimbwa, tabo ipo, wahandisi wako zamu. Kuugeuza kuwa umeme saa tisa usiku kunaongeza gharama ndogo mno. Kwa mtazamo huo bei sahihi ya kuchaji inakaribia sifuri, na ndiyo inayopaswa kutumika kwenye tathmini ya faida kwa taifa.

Kwa kampuni inayonunua umeme, mkataba una bei yake kwa kila uniti, iwe usiku au mchana. Ikinunua uniti ya kuchaji italipa bei hiyo kamili. Na kwa mikataba mingine ambayo malipo yanafanywa hata umeme usipochukuliwa, uniti hiyo imekwisha kulipiwa.

Uniti moja, bei tatu. Tathmini nyingi huchanganya kofia hizi katika jedwali moja: faida zinahesabiwa kwa kofia ya taifa, gharama kwa kofia ya kampuni, au kinyume chake, kulingana na jibu linalotakiwa. Dai majedwali mawili tofauti.

Nani analipa, na nani anafaidika?

Kwa maoni yangu hiki ndicho kizuizi kikubwa kuliko bei ya betri.

Tazama bili yako ya Kenya Power. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Kila mwezi mitambo ya mafuta inapofanya kazi zaidi, mstari huo unapanda, na mteja ndiye anayelipa. Kampuni zinazozalisha na inayosambaza hazibaki na mzigo huo. Unapita tu mikononi mwao. Kuna mstari mwingine wa marekebisho ya fedha za kigeni, nao unapita vivyo hivyo. Januari 2024, dola ilipofika takriban shilingi 160, kila mtu aliuona.

Sasa, anayejenga betri anabeba mkopo. Mafuta yakipungua, anayepata nafuu ni mteja. Mjenzi hapati kitu, isipokuwa mdhibiti, EPRA, ameweka utaratibu wa kumlipa. Hivyo betri inaweza kuwa na faida kubwa kwa nchi na bado isipate mtu wa kuijenga. Dawa yake ni mkataba unaomlipa mwenye betri kila mwezi kwa kuwa tayari kwa uwezo uliokubaliwa, na kumkata asipokuwa tayari. Waendeshaji wa gridi ndio wanaoamua lini ichaji na lini imwage. Gharama hiyo itaonekana kwenye bili, ndiyo. Lakini inapaswa kuonekana kando ya mstari wa mafuta ulioshuka, ili mteja azione zote mbili.

Mabwawa si hifadhi tayari?

Ndiyo, na ndiyo hifadhi ya bei rahisi kuliko zote tulizo nazo.

Masinga, bwawa la juu kabisa katika mnyororo wa mto Tana, ni ghala la maji. Maji yanayotoka pale hupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila kituo huyazungusha tena. Mchana ukiwa na jua na upepo, unaweza kuyazuia maji na kuyaachia jioni. Hakuna betri iliyonunuliwa, lakini umeme wa jua umehamishiwa saa mbili usiku. Kwa hiyo, kabla ya kununua betri, tathmini yoyote makini inapaswa kuonyesha kwamba mabwawa tayari yanatumiwa kwa mpangilio bora. Mipaka ipo: ukame, maji ya kunywa na umwagiliaji, na ukweli kwamba Masinga haiwezi kuuvuta mvuke wa Olkaria na kuuweka. Inaweza tu kujizuia.

Kusini mwa mpaka, Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Laini ya kilovolti 400 kutoka Singida, Tanzania, hadi Isinya, Kenya, iliwashwa Desemba 2024. Kwa nadharia, Kenya ingeweza kupeleka umeme wa usiku wa Olkaria Tanzania, maji ya Rufiji yakabaki bwawani, na jioni umeme ukarudi kaskazini. Hiyo ingekuwa betri kubwa kuliko yoyote inayopendekezwa katika ukanda huu, na waya wake umekwisha kujengwa. Kinachohitajika ni bei za saa kwa saa ambazo nchi zote mbili zinakubaliana. Ningependa kuona mazungumzo hayo yakipewa uzito sawa na uzinduzi wa makontena.

Vipi vituo vya kupandisha maji mlimani?

Ni teknolojia ya zamani na imara. Dinorwig, Wales, ilifunguliwa 1984, iko ndani ya mlima, na hufikia megawati zaidi ya 1,700 ndani ya sekunde chache ikiwa mashine zake zimeandaliwa. Afrika Kusini ina Drakensberg, Palmiet na Ingula. Ingula, yenye megawati 1,332, ilikamilika 2017.

Vinadumu miaka 50 na zaidi, na hapo betri haifikii. Lakini hujengwa kwa miaka mingi, vinahitaji mlima wenye mabwawa mawili, na pesa zote zinatoka mwanzoni. Ingula ilichelewa na kuzidi bajeti, na Oktoba 2013 wafanyakazi sita walikufa katika ajali kwenye handaki lake. Kwa nchi yenye riba ya juu, mradi unaoanza kulipa baada ya miaka kumi ni mgumu kuuhalalisha kwenye karatasi, hata kama wajukuu wangeushukuru.

Zanzibar ilikaa gizani miezi mitatu. Betri ingesaidia?

Hapana. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu mfano huu hutajwa sana mahali pasipofaa.

Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilikosa umeme wa gridi. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba ndoo, jenereta zikanguruma kwenye hoteli na maduka ya waliojiweza, na wasiojiweza wakafunga biashara.

Betri ya saa nne ingekuwa imekwisha kabla ya usiku wa kwanza kuisha. Kwa tatizo la miezi mitatu, jibu lilikuwa kebo ya pili, na ndiyo iliyojengwa: ya megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, iliyoanza kazi 2013 kwa fedha za Marekani kupitia shirika lake la misaada la MCC.

Betri Unguja ina kazi nyingine. Mahitaji yanapokaribia uwezo wa kebo jioni za msimu wa watalii, betri inaweza kuchajiwa usiku kupitia kebo ile ile na kumwaga saa za kilele, hivyo kebo ya tatu ikaahirishwa. Ikiunganishwa na sola ya kisiwani, inaweza kuziweka hospitali na pampu kazini hitilafu fupi inapotokea. Hizo ni faida halisi na zinahesabika. Ila giza la 2010 lisitumike kuuza betri.

Hakuna njia rahisi zaidi ya kujaza pengo la usiku?

Zipo, na zinapaswa kuwa kwenye meza moja na betri.

Tangu Desemba 2017 viwanda vya Kenya vimeweza kununua umeme wa ziada kwa nusu ya bei ya kawaida kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Kiwanda kinachohamishia zamu ya kusaga au kuyeyusha usiku kinatumia mvuke wa Olkaria bila kununua hata seli moja. Mwaka 2023 EPRA iliweka pia bei ya kuchaji magari na bodaboda za umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 usiku. Betri ya bodaboda inayochajiwa usiku inaondoa petroli mchana, na petroli ni ghali kuliko mafuta mazito ya Kipevu. Kuna pia laini ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, ambayo Novemba 2022 ilianza kuleta hadi megawati 200.

Lakini hakuna bei ya usiku itakayomfanya mama apike chakula cha jioni saa tisa alfajiri. Kilele cha jioni ni maisha ya watu, na sehemu yake haihamishiki. Sehemu hiyo ndiyo ya betri.

Kuna mahali Afrika ambako hesabu imekubali?

Kenhardt, Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini. Sola ya megawati 540 na betri ya megawati-saa 1,140 pamoja, zilizoanza kazi mwishoni mwa 2023. Mkataba unadai megawati 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Mnunuzi hakununua sola wala betri. Amenunua umeme wa kutegemewa kwa saa hizo, na jinsi ya kuutimiza ni juu ya mwekezaji. Malawi nayo, kule Golomoti, Dedza, iliunganisha sola ya megawati 20 na betri ya megawati-saa 10 mwaka 2022. Ni ndogo, lakini kwa gridi ndogo inayoyumba, ina uzito.

Moto, sumu, kobalti: gharama hizi zinahesabiwa?

Mara nyingi hazihesabiwi, na ni kosa.

Mwaka 2019 betri ya McMicken, Arizona, ililipuka na kujeruhi wazima moto. Januari 2025 kituo cha Moss Landing, California, kiliungua na watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Vituo vipya hutenganisha makontena na kuweka vigunduzi vya gesi, na hiyo nafasi na vifaa vinaongeza gharama. Ulipie tangu mwanzo, pamoja na mafunzo ya kikosi cha zimamoto cha kaunti husika.

Kuhusu kobalti ya Kolwezi na Lualaba: betri nyingi za gridi zinazojengwa sasa ni za lithiamu, chuma na fosfeti, hazina kobalti. Machungu ya wachimbaji wa Kongo ni ya kweli, ila kwa gridi kuyakwepa hakuhitaji gharama kubwa. Chagua kemikali sahihi.

Kinachonitia wasiwasi ni mwisho wa maisha yake. Kenya inajua betri zilizochakaa zinaweza kufanya nini. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilitia sumu mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lithiamu si risasi, lakini somo la usimamizi ni lile lile. Mkataba usio na kifungu cha nani ataziondoa, kwa fedha zilizowekwa kando tangu mwaka wa kwanza, una gharama iliyofichwa ambayo watabebeshwa majirani.

Bei inashuka kila mwaka. Si bora tungoje?

Imeshuka sana. Pakiti za betri za lithiamu zilizidi dola 1,000 kwa kila uniti ya ukubwa mwaka 2010. Kufikia 2024 wastani ulikuwa dola 115 kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya BloombergNEF. Kumbuka tu kwamba pakiti si kituo: inveta, transfoma, kontena, bandari na ujenzi haviporomoki kwa kasi hiyo.

Kungoja nako kuna bei. Kila mwaka wa kungoja ni mwaka wa mafuta yaliyochomwa na jioni zilizokatwa, na hilo lihesabiwe upande wa pili wa mizani. Mimi ningeanza sasa na betri ya wastani ya kutuliza mzunguko, mahali gridi inapoyumba zaidi, kwa sababu faida hiyo ni kubwa kwa mnunuzi wa kwanza na haihitaji tangi kubwa. Betri ndefu za kuvusha jioni ningezipeleka kwenye zabuni ya wazi, kwa awamu, ili kila awamu ipate bei ya mwaka wake.

Nawezaje kukagua hesabu za mradi mwenyewe?

Tafuta riba waliyotumia, idadi ya siku za kazi kwa mwaka, na bei ya kuchaji. Ukiwa na namba hizo tatu na gharama ya ujenzi, unaweza kurudia hesabu ya juu kwa kikokotoo cha simu. Kisha tazama wamelinganisha na nini: mtambo wa mafuta uliopo, mtambo mpya, laini mpya, au giza. Wakilinganisha na giza pekee, warudishwe wakamalize kazi.

Kitakachokosekana ni takwimu za nusu saa kwa nusu saa za mvuke unaomwagwa na upepo unaozuiwa. Zinapimwa, kwa sababu waendeshaji wa gridi hawawezi kufanya kazi bila hizo. Zichapishwe kila mwezi, na mwanafunzi yeyote wa uhandisi Eldoret au Juja ataweza kuweka namba halisi mahali nilipoandika "tuseme".